Mtaani tupande bogenvilia au mti wa kivuli? Tujadili kabla ya mkutano wa Jumapili

Mwanzisha mada (Dar es Salaam)

Ndugu zangu, habari za leo. Kuna jambo linanikereketa, nataka tulizungumze kabla halijapitishwa.

Mtaa wetu, huku pembezoni mwa jiji, una mpango wa kupendezesha barabara. Pendekezo lililo mezani ni kila nyumba ipande bogenvilia, ule mmea wa maua wenye miiba, mbele ya ua wake, rangi moja mtaa mzima, ile ya zambarau. Mkutano wa wakazi ni Jumapili. Mimi napinga. Viwanja vyetu ni vidogo, wengi wetu tuna sehemu moja tu ya kupanda kitu cha maana, na sehemu hiyo naona ipewe mti wa kivuli.

Nyumba yangu ina vyumba viwili vinavyotazama magharibi. Kuanzia saa nane mchana jua linakaa kwenye ule ukuta mpaka linazama. Desemba iliyopita umeme ulikatika, nikaenda kuchukua mshumaa niliokuwa nimeuacha dirishani, nikaukuta umepinda kama ndoana. Saa tatu usiku ukiweka kiganja ukutani, ni kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Watoto wanahamia sebuleni na mkeka wao.

Jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, ana matofali yaleyale na bati lilelile. Tofauti ni kwamba upande wake wa magharibi kuna mkungu, marehemu baba yake aliupanda kabla barabara haijafika huku. Saa kumi alasiri kichanga chake kimelala fofofo chumbani. Nje, chini ya mkungu, kuna benchi, mama anayekaanga mihogo, vijana wa bodaboda wakisubiri abiria, na watoto wanagonga kungu kwa jiwe watoe kokwa. Mti mmoja tu unafanya yote hayo.

Bogenvilia nayo ipo, nyumba ya kona. Ni nzuri kweli, huwa nasimama kuitazama. Lakini sijawahi kuona mtu amekaa chini yake.

Nieleze kidogo kuhusu jua letu. Hapa Dar, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la adhuhuri linapita karibu na utosi, kwa hiyo kuta za kusini na kaskazini hazichomwi sana. Zinazoumia ni bati, na kuta za mashariki na magharibi. Kichaka cha kimo cha mtu hakiwezi kulizuia jua hilo. Linataka kitu kirefu chenye matawi mapana. Tena jani si sawa na turubai: turubai linazuia jua lakini lenyewe linachemka na kukurudishia joto, jani linatoa mvuke, na mvuke ule unaondoka na joto. Ndiyo maana hewa ya chini ya mwembe haifanani na ya chini ya bati.

Karibuni. Wenye hoja ya bogenvilia waje nao, nataka kusikia.

Fundi Bustani (Dar es Salaam)

Kaka, nimekusoma. Mimi kazi yangu ni vitalu na bustani, na mikono yangu ina makovu ya miiba ya bogenvilia, kwa hiyo siisemei kwa kuuza tu.

Kwanza, bogenvilia ni mmea wa mtu asiye na maji. Ukishashika mizizi haukudai kitu. Tena ukiumwagilia sana unaota majani matupu na maua yanapungua. Unataka jua kali, jua tunalo. Unakata kijiti, unachomeka kwenye kiroba cha udongo, na mwaka unaofuata unaona rangi. Watu wengi hawajui kwamba ile rangi si ua lenyewe. Ni majani yaliyojigeuza, membamba kama karatasi. Ua halisi ni kale kakidole keupe katikati. Ndiyo maana rangi inadumu wiki nyingi wakati maua mengine yanapukutika.

Pili, ulinzi. Ua wa bogenvilia uliokatiwa vizuri, mwizi haupiti. Michongoma inafanya kazi hiyohiyo, ila bogenvilia inafanya huku inapendeza.

Tatu, na hapa nisikilize vizuri: nimeitwa mara nyingi kung'oa miti ya kivuli iliyopandwa bila akili. Mkrismasi umepandwa hatua tatu kutoka ukutani, mizizi yake inatambaa juujuu, imeinua vigae vya baraza lote. Mwingine tawi lilianguka juu ya bati usiku wa mvua za masika. Mti ukifika kwenye nyaya za umeme watakuja kuukata kichwa, unabaki kisiki chenye vijiti. Wewe unautazama mkungu wa miaka thelathini. Mimi nautazama mche alioupanda mtu leo, kwenye kiwanja cha mita kumi na tano kwa ishirini chenye shimo la maji taka, kisima na kibanda cha kuku.

Na kivuli hata bogenvilia inatoa. Ijengee kichanja cha mabomba mbele ya baraza, ielekeze juu, baada ya miaka michache una paa la maua. Nimewajengea watu, wanakaa wanakunywa chai.

Mpangaji (Temeke)

Naomba niseme jambo ambalo wenye nyumba hamlioni. Mimi nimepanga. Mkataba wangu ni wa miezi sita sita. Nipande mti nimkuzie mwenye nyumba, kisha apandishe kodi kwa sababu nyumba ina kivuli? Nilishapanda mpapai nikahama haujazaa. Mimi bogenvilia yangu iko kwenye ndoo ya rangi ya lita ishirini, nikihama naibeba. Mkitaka wapangaji tupande miti, ongeeni na wenye nyumba kwanza.

Mama wa Watatu (Dodoma)

Kaka mwanzisha mada, niko upande wako, ila usiwaambie watu ni rahisi. Huku kwetu mvua inakuja Desemba, inaaga Aprili, miezi mingine yote ni vumbi na upepo. Nilipanda miarobaini minne nilipohamia. Miwili ililiwa na mbuzi wa watu ndani ya wiki. Nikaenda kukata matawi ya miiba nikaizungushia iliyobaki. Maji nilikuwa sina, kwa hiyo nilizika dumu la lita tano kando ya kila mche, nimelitoboa kitundu kwa sindano chini, na kila jioni namimina humo maji niliyooshea mboga na mchele. Ya sabuni sikumwaga. Nilifanya hivyo viangazi viwili, baada ya hapo miti ikajitegemea. Sasa mwanangu wa kwanza anasomea pale chini, na mimi nachambua mchele palepale.

Fundi anasema kichanja cha mabomba. Mabomba bei gani, fundi wangu? Na matawi yake makavu yana miiba, watoto wangu wanacheza peku.

Mkaazi wa Kilifi

Salaam alaykum. Dada wa Dodoma, mwarobaini huko bara kavu una kazi yake, sikuukatazi. Lakini sisi wa pwani tuwe waangalifu nao. Asili yake ni Bara Hindi. Huku ndege na popo wanakula matunda yake na kutupa mbegu kila mahali, na mche unaota bila kupandwa. Umejipenyeza kwenye vichaka na misitu ya pwani, na kule Saadani upande wa Tanzania umeingia hadi ndani ya hifadhi ya taifa. Sisi tuna makaya ya Wamijikenda, misitu iliyowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Sitaki mbegu za uani kwangu ziende kuanzisha msitu mwingine mle. Pandeni mkwaju, mwembe, mzambarau. Kivuli kipo, na tunda mtakula.

Na bogenvilia pia ni mgeni, imetoka Amerika ya Kusini. Tofauti ni kuwa haina tabia ya kujipanda ovyo. Kwa hilo naipa haki yake.

Mwanzisha mada (Dar es Salaam)

Asanteni, nimesoma neno kwa neno.

Mkaazi wa Kilifi, umenibadilisha. Nilikuwa nimeshaagiza miche ya mwarobaini, nimempigia kijana anibadilishie mzambarau na mwembe. Mwembe hata katikati ya kiangazi bado una majani, na hilo ndilo ninalolitaka.

Fundi, kwa mizizi na nyaya uko sahihi, nami nimekosea kuandika kana kwamba mti wowote popote unafaa. Kwangu nimepima: mita tano kutoka ukutani, mbali na shimo, upande usio na waya. Asiye na mita tano, hapo nakubali apande bogenvilia. Lakini kwenye kichanja sikubaliani nawe. Kinafunika baraza, ukuta wa chumba kinauacha uchi, na kila baada ya mvua unapanda ngazi na mkasi. Mama wa Watatu ameshasema kuhusu miiba, nami kila wiki naona bodaboda wakiziba pancha pale kona.

Hoja ya mpangaji ndiyo iliyoninyima usingizi. Mtaa wetu zaidi ya nusu tumepanga au tunapangisha. Kwa hiyo nimeandika upya nitakachosema Jumapili. Ua wa mtu abaki na uamuzi wake, bogenvilia au chochote, asilazimishwe rangi. Ile fedha ya mchango ambayo ingenunua miche ya bogenvilia inunue miti ya kivuli kwa sehemu ambazo hazina mpangaji wala mwenye nyumba: uwanja wa shule ya msingi, mbele ya zahanati ambako kina mama wanapanga foleni na watoto mgongoni kuanzia alfajiri, kituo cha daladala, na kisimani. Kila mti uwe na kaya mbili zinazoumwagilia kwa zamu kwa viangazi viwili, majina yaandikwe kwenye daftari la mtaa.

Zahanati nimeenda jana saa sita mchana. Kuna kivuli kimoja tu, cha nguzo ya tangi la maji. Watu wamejipanga juu yake kwa mstari mmoja mwembamba, na jua linavyosogea na wao wanasogea.

Fundi, kama uko tayari, njoo Jumapili utuonyeshe tuchimbe wapi.

Fundi Bustani (Dar es Salaam)

Nitakuja. Leteni futi kamba na mtu anayejua bomba la maji limepita wapi.