Chama cha wajukuu wa askari wa Force Publique, Lubumbashi: tuanzie wapi?

Wa_Kamalondo
Jambo wandugu. Tunataka kuunda ASBL (chama kisichotafuta faida) ya kuwaheshimu babu zetu wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji, waliopigana Tabora 1916 na Saïo, Ethiopia, 1941: kutunza makaburi, kufundisha historia mashuleni. Makaratasi yanaanzia wapi? Na mjukuu wa kweli tumjue vipi?

Katuba_Sheria
Ndugu, sheria ni namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001. Statuti (katiba ya chama) zipite kwanza kwa notari, kisha ombi liende kwa Waziri wa Sheria, pamoja na maoni ya waziri wa sekta yenu. Lengo liwe moja, wazi. Mkichanganya historia, afya na mikopo, hamtajua hata mwombe maoni wizara gani.

Mama_Makaratasi
Kumjua mjukuu wa kweli, shikeni matrikule ya babu, yaani namba yake ya jeshini, kuliko jina. Makarani waliandika majina kwa kusikia tu, mtu mmoja unamkuta kwa tahajia tatu. Picha za zamani msizitie plastiki ya moto: gundi haitoki tena. Andikeni nyuma kwa kalamu ya risasi, bila kukandamiza.

Na tafadhali, msiwasahau wapagazi! Wengi walikufa njiani bila matrikule. Mkidai karatasi tu, wajukuu wao mtawafungia nje. Sikilizeni wazee wawili wa ukoo, kila mmoja peke yake, halafu mlinganishe.

Ruashi_Fundi
Makaburi: maji safi na burashi laini, mkianzia chini kwenda juu ili uchafu usiache michirizi. Javel (dawa ya kung'arisha nguo) hapana. Chumvi yake hubaki ndani ya sementi, ikikauka inapasua uso na maandishi yanabanduka.