Je, tyubu za mpira zingeweza kuziba kisima cha Macondo?

Bisibisi:
Wakuu, nina mchoro naomba muupasue bila huruma. Mfano wangu ni Macondo, kisima cha mafuta kilicholipuka Ghuba ya Mexico, 2010: maji ya kina cha mita 1,500, bomba la inchi 21 lililounganisha kisima na jukwaa la kuchorongea limelala chini linatapika mafuta. Nachukua bomba la chuma la mita 10, kipenyo inchi 12, lenye valvu upande wa nje. Nalivisha tyubu tano za mpira wenye nyaya, kama tairi za lori. Roboti zinalichomeka kwenye mdomo wa bomba lililokatika huku valvu ikiwa wazi, ili mafuta yapite katikati yasilisukume. Likishaingia, tyubu zinajazwa upepo zishike ukuta, kisha valvu inafungwa. Litakwamia wapi?

Flanji:
Kuchomeka valvu ikiwa wazi ndiyo akili ya mchoro huu, usiiache. Upepo ndio uutoe. Kina hicho maji yenyewe yanabana kwa takriban psi 2,200 (pauni kwa kila inchi ya mraba), na Macondo ilipofungwa Julai 15 geji ilisoma kama psi 6,600 ikiendelea kupanda. Tyubu isipozidi hapo, mafuta yatapenya kati ya mpira na chuma. Hewa husinyaa mno ikibanwa hivyo. Tumia maji yenye glaikoli, yasukumwe na pampu ya roboti.

Sasa msukumo. Tofauti ya ndani na nje ni psi 4,400, karibu kilo 310 kwa kila sentimita ya mraba. Ukichukua kipenyo cha ndani inchi 19.5, unapata karibu tani 600 zinazotaka kulifyatua bomba lako kama kizibo cha soda. Usiutegemee mpira uliolowa mafuta ubebe mzigo huo. Pakeri, yaani vizibo vya ndani ya visima, zina meno ya chuma yanayouma ukuta, mpira unabaki na kazi ya kuziba tu. Tena mpira hukingwa kwa pete za chuma, maana ukibanwa hutambaa kwenye uwazi na kuchanika. Wewe umeacha uwazi wa sentimita 9 na ushee kila upande. Ni mwingi sana.

Mkondo_Chumvi:
Hesabu ni hiyo, ila mdomo wenyewe si mahali pa kuziba. Bomba lile lilikunjika juu tu ya kizuia mlipuko, yaani rundo la valvu kubwa mdomoni mwa kisima, na kwenye kunjo lilikuwa linavuja. Ukiziba mwisho wake, shinikizo lote linahamia kwenye kunjo na matundu yanatanuka. Mei 5 walifunga kwa valvu mwisho wa bomba la kuchorongea. Sehemu za kuvuja zikabaki mbili badala ya tatu, lakini kiasi cha mafuta yaliyotoka hakikubadilika.

Kifaa cha ukoo wa chako kiliwekwa kweli katikati ya Mei: bomba la inchi 4 lenye vizuizi vya mpira. Halikukusudiwa kuziba, lilipeleka sehemu ya mafuta melini basi. Mipira ilikuwa ya kuzuia maji ya bahari yasiingie, kwa sababu gesi ikikutana na maji ya nyuzi 4 hivi kwa shinikizo lile huganda kuwa hidreti, kitu kama barafu. Hizo ndizo zilizolishinda kuba la chuma la karibu tani 100 wiki moja kabla: ziliziba tundu la juu, na kwa wepesi wake zikawa zinalielesha. Weka kibomba cha methanoli kwenye mchoro wako.

Bisibisi:
Na nikilikata chini ya kunjo, nikachomeka hapo?

Flanji:
Walikata hapo Juni 3, na ndani mkakutwa vipande viwili vya bomba la kuchorongea vimesimama ubavu kwa ubavu. Tyubu ya duara haiwezi kuvizunguka bila kuacha pembe. Kilichofaulu hakikuingia ndani kabisa: walifungua bolti sita za flanji (pete ya chuma inayounganisha mabomba), wakavifunga pamoja vile vipande viwili, wakafunga kipande cha kuunganishia, juu yake mnara wa tani 75 hivi wenye mataya matatu, yaani milango ya chuma ya kufunga njia ya mafuta. Chuma kwa chuma. Nao uliteremshwa ukiwa wazi, mafuta yakipita katikati, kama ulivyowaza wewe.

Mkondo_Chumvi:
Valvu usiifunge kwa mkupuo. Kulikuwa na hofu kwamba visahani vya usalama, vinavyopasuka shinikizo likizidi, vimepasuka kwenye kesingi ya inchi 16, yaani bomba la chuma linaloshikilia kuta za kisima. Kama ni hivyo, mafuta yangepenya miambani na kutokea pembeni, mahali pasipo na flanji ya kufungia chochote. Kwa hiyo walifunga kidogo kidogo macho yakiwa kwenye geji: chini ya psi 6,000 ni dalili ya kuvuja ardhini, fungua upesi, juu ya 7,500 kisima ni kizima. Ikakaa katikati, ikawa inapanda polepole, wakaacha imefungwa.

Ongeza geji mbili nyuma ya valvu, upande wa kisima, pamoja na tundu la kusukumia tope zito, ambalo uzito wake huyarudisha mafuta chini. Tope liliingia Agosti, saruji ikafuata, na kisima cha pembeni, kilichochorongwa kukutana na kile cha kwanza chini ardhini, kikamalizia Septemba. Bila tundu hilo umekifunga kisima, hujakiua.