Hitima ya mtandaoni: saa kumi alasiri, saa mbili au saa tatu usiku?

Mjukuu wa Kibokoni
Assalamu alaykum. Jumamosi 31 Oktoba 2026 tunamsomea bibi hitima kwa Zoom. Sisi tuko Mombasa, ami yuko Muscat, dada zangu London, binamu Toronto. Mara iliyopita niliandika "saa 3 usiku" kwenye kundi la WhatsApp, mtoto wa dada aliyezaliwa huko akaamka saa tisa za usiku wa manane, akakaa na simu peke yake. Nishaurini: saa 10 alasiri, saa 2 usiku au saa 3 usiku, zote za kwetu?

Baharia wa Likoni
Alasiri ni nzuri kwa Toronto, kwao 9:00 asubuhi. Lakini Muscat itakuwa 17:00, na mwisho wa Oktoba jua lao linatua karibu 17:30. Hamjafika mbali, ami ashaondoka kwenda kuswali maghribi.

Mpwa wa Muscat
Kweli. Na saa 3 usiku yenu kwetu ni 22:00. Wikendi yetu ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili watu wako kazini. Wazee watasinzia kabla ya dua.

Fundi wa Kisauni
Tarehe yenyewe ina mtego, yakhe. London wanarudisha saa nyuma kwa saa moja Jumapili 25 Oktoba, Toronto mpaka Jumapili 1 Novemba. Wiki hiyo miji hiyo miwili inapishana kwa saa 4, si 5 walizozoea. Anayehesabu kwa mazoea atakosa. Sisi hatugusi saa, ni GMT+3 (saa tatu mbele ya saa za Greenwich) mwaka mzima, basi pimeni kutoka Mombasa. Saa 2 usiku ni London 17:00, washaswali maghribi, na Toronto 13:00. Mimi ningetangaza "17:00 GMT" tu, kila mtu ajihesabie.

Mjukuu wa Kibokoni
Ami yangu na GMT wapi na wapi!

Shangazi wa Bamburi
GMT waachie marubani, mwanangu. Vijana watumie mwaliko wa kalenda ya Google, simu zao zitageuza saa zenyewe. Ila ukiandika, hakikisha umechagua saa za Nairobi. Wazee hawafungui barua pepe. Hao waandikie kila mji na saa yake, kwa Kiswahili na kwa tarakimu. "Saa 3" tupu ndiyo iliyomponza yule mtoto.

Mjukuu wa Kibokoni
Basi ni saa 2. Tangazo hili hapa:
Mombasa saa 2 usiku (20:00), Muscat saa 3 usiku (21:00), London saa 11 jioni (17:00), Toronto saa 7 mchana (13:00).

Fundi wa Kisauni
Hapo sawa. Lakini Zoom ya bure inakata baada ya dakika 40. Gawaneni juzuu za Qur'ani mapema, kila mtu amalize yake nyumbani, mkikutana iwe Yasini na dua.