Tupeane uzoefu: Death Note ilikukamata episodi ya ngapi, na uliishia wapi?

Wakuu, salama? Wiki hii nimeirudia Death Note, katuni ya Kijapani, mara ya tatu. Episodi 37 tu, ilirushwa Japani 2006 hadi 2007, na bado inaninyima usingizi. Kwa asiyeijua: mwanafunzi Light anaokota daftari la shinigami, yaani mungu wa kifo. Andika jina la mtu huku unaijua sura yake, sekunde 40 moyo unasimama. Mpelelezi anayejiita L anamsaka. Muuaji tunamjua tangu mwanzo, kwa hiyo utamu wote uko kwenye nani atateleza kwanza.

Mimi ilinikamata ya pili. L anamtoa kwenye runinga mfungwa aliyehukumiwa kifo, mfungwa huyo anajifanya ndiye L, matangazo eti ya dunia nzima. Light anapandwa na hasira, anaandika jina, jamaa anaanguka. Kumbe yalirushwa Kanto peke yake, eneo la Tokyo! Hapo hapo muuaji kashajitaja anakaa wapi. Nilirudisha nyuma mara mbili kuhakikisha.

Leteni zenu. Mwaga mtama tu, ni ya zamani hii.

#2
Mimi ni ile ya krispi. Chumba kimejaa kamera za L, Light mkono wa kulia anafanya hesabu, wa kushoto unaingia kwenye pakiti, humo kaficha kitelevisheni na kipande cha daftari. Muziki utadhani vita. Mama akapita sebuleni: "Huyo mtoto si anakula tu? Mbona makelele hivyo?" Sikuwa na jibu.

#3
Nacheka na kulia. Kijana wa laibrari ya muvi aliniwekea kwenye flashi ikajaa, ikaishia ya 25. L anakufa, Light anatabasamu, giza. Nikajua ndiyo mwisho. Nikausifia kila mahali, kwamba Wajapani hawaogopi kumwacha mbaya ashinde. Miaka miwili!

#4
Wengi wanapenda makeke, mimi nampa heshima Naomi Misora, yule dada aliyewahi kuwa FBI. Anatembea na Light kwenye theluji, wanaongea kwa adabu. Kamtajia jina la uongo, Light kaandika, sekunde zinapita, dada bado anatembea. Huku ndani jasho linamtoka kijana, usoni tabasamu. Hakuna anayekimbia wala kupiga risasi, na ndiyo niliyoiangalia nimekunja miguu kwenye kochi kama L mwenyewe.

#5
Semeni na ukweli basi. Baada ya L mwendo unaharibika. Kwenye manga, yaani kitabu cha katuni, anakufa juzuu la 7 kati ya 12, ila kwenye katuni kashakula episodi 25, yote yaliyobaki yamesukumiwa kwenye 12. Near na Mello, warithi wa L, wanaingia kama abiria wa daladala ya mwisho, hata hujawazoea. Mimi niliachia ya 29.

#6 (mleta mada)
Mkuu #5, mwendo nakubaliana na wewe, ila rudi uone ya 37. Light anakimbia na majeraha jua likizama, Ryuk, shinigami mwenye daftari, kakaa juu anamwangalia. Usiibebe kwa kusimuliwa.

Na wewe #3, nani alikutoa gizani?

#3
Mdogo wangu. Nilikuwa namsimulia "mwisho" kwa kujiamini kabisa. Akaniacha nimalize, ndipo akauliza: "Kaka, na Near je?" Nikamwambia Near ndiyo nani.