Mjadala: Serikali ilikuwa na haki kuwaondoa Wakatoliki kwenye juri za Ireland?

Mleta mada: Wadau, hili tulichambue bila jazba. Ireland ya karne ya 19, chini ya Uingereza, mshtakiwa wa kosa kubwa aliweza kukataa wanajuri (raia wanaoitwa kuamua kama mshtakiwa ana hatia) 20 bila kutoa sababu. Serikali haikuwa na kikomo. Karani anaita jina, wakili wa Serikali anasema "kaa pembeni", jamaa anashuka. Sababu ingeulizwa tu orodha nzima ikiisha, na orodha zilikuwa ndefu.

Tazameni kesi ya Francis Hynes, mauaji ya huko kaunti ya Clare, iliyosikilizwa Dublin Agosti 1882. Wakatoliki waliwekwa pembeni, wakabaki Waprotestanti watupu. Wanajuri wakalazwa Hoteli ya Imperial, na William O'Brien, mwanahabari aliyekuwa amepanga humohumo, akaandika gazetini kwamba baadhi yao walilewa usiku ule. Aliyefungwa nani? Edmund Dwyer Gray, mwenye gazeti hilo, Freeman's Journal! Miezi mitatu kwa kudharau mahakama, ilhali yeye ndiye alikuwa sherifu mkuu wa Dublin, yaani ofisa wa kutekeleza amri za mahakama. Hynes akanyongwa Septemba.

Kwangu mimi ule ulikuwa upangaji wa matokeo.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umeruka upande wa pili. Novemba mwaka huohuo Denis Field, aliyewahi kukaa kwenye juri, alichomwa visu barabarani Dublin, kupona kwake ni bahati. Watu walikuwa wanatishwa kwelikweli. Ulitaka Serikali iwaachie wauaji?

Mleta mada: Vitisho vilikuwepo, sibishi. Ila sheria ya 1882 ilishatoa dawa yake: kesi zihamishwe, zisikilizwe na juri maalumu za wenye mali. Mfanyabiashara Mkatoliki wa Dublin, asiye na shamba wala jirani Clare, anaondolewa kwa lipi? Na 1844 je? Daniel O'Connell, kiongozi wa Wakatoliki wa Ireland, alishtakiwa kwa njama za kisiasa, hakuua mtu. Juri yake haikuwa na Mkatoliki hata mmoja, katika nchi ambayo wengi ni Wakatoliki! Bunge la Mabwana la London, lililokuwa mahakama ya juu ya rufaa, lenyewe lilitengua hukumu ile Septemba, na Lord Denman, mmoja wa majaji wake, akasema kwa mwendo huo kesi ya juri itakuwa dhihaka na mtego.

Mchangiaji wa pili: Hapo hujamtaja Peter O'Brien, mwendesha mashtaka aliyesifika kwa kuchuja wanajuri hadi wananchi wakambandika jina la "Peter the Packer", yaani Peter mpanga juri. Mwaka 1889 akapewa Ujaji Mkuu wa Ireland. Wanaotetea utaratibu huu waanze kutueleza hiyo zawadi ilikuwa ya nini.