Mjadala: Je, triga zipigwe marufuku kwa sababu seva huganda?

Ndugu wanataaluma,

Kila seva ya hifadhidata inapoganda na chanzo kikaonekana kuwa hitilafu ndani ya triga (amri zinazojiendesha zenyewe data ya jedwali inapobadilishwa), husikika hoja ile ile: triga zote ziondolewe, na ukaguzi wa data uhamishiwe kwenye programu. Mimi naipinga hoja hiyo, na naomba tuijadili kwa kuangalia kinachotokea hasa ndani ya MySQL, programu ya kuendesha hifadhidata.

Tuchukue mfumo wa mauzo. Programu inaanza muamala (kundi la amri zinazokubaliwa au kufutwa kwa pamoja), inapunguza idadi ya bidhaa kwenye jedwali la stoo, kisha inaingiza mauzo. Triga ya jedwali la mauzo inagundua kwamba mteja amevuka kikomo cha mkopo na inatoa kosa kwa amri ya SIGNAL. Wengi hudhani kuwa hapo muamala wote umekwisha. Sivyo. InnoDB, injini ya MySQL inayohifadhi data, hutangua ile amri moja tu iliyokataliwa, ilhali kufuli ya mstari wa stoo, yaani zuio la wengine kuubadilisha, hubaki mpaka programu itume ROLLBACK, amri ya kutangua muamala mzima. Programu ikionyesha ujumbe wa kosa na kuuacha muamala wazi, kila keshia anayeuza bidhaa ile ile husubiri sekunde 50, ambazo ndizo kikomo cha kawaida, kabla ya kupata kosa namba 1205 (muda wa kusubiri kufuli umekwisha); nalo pia halitangui muamala mzima, kwa hiyo anayesubiri naye huendelea kushikilia kufuli zake, hadi nafasi 151 za kawaida za miunganisho zinajaa.

Linalowapoteza mafundi ni kwamba SHOW PROCESSLIST, amri ya kuorodhesha miunganisho, huonyesha muunganisho wenye kosa ukiwa "Sleep" (umelala, hauna kazi), huku inayosubiri ndiyo ikionekana kuwa na kazi. Basi hukatwa isiyohusika, au seva huzimwa na kuwashwa, kufuli zikafunguka, na tatizo likarudi baadaye. Mahali pa kutazama kwanza ni innodb_trx, orodha ya miamala iliyo wazi, ndani ya information_schema, sehemu ya MySQL yenye taarifa za mfumo, hasa muamala ulioanza zamani kuliko mingine yote.

Wapinzani wana hoja moja nzito: triga inayosasisha jedwali kubwa lisilo na faharasa (orodha ya kutafutia mistari haraka) inayofaa, kwa mpangilio wa kawaida wa InnoDB, hufunga kila mstari inaoupitia. Triga ya namna hiyo na iondolewe. Lakini data huingia pia kwa skripti za usiku na kwa mkono wa msimamizi mwenyewe, njia ambazo hazipiti kwenye programu kabisa. Anayetaka triga za ukaguzi nazo zifutwe atueleze njia hizo zitalindwa na nini.