Naomba ushauri: mtoto kapigwa eksirei mara tatu, sasa wanataka ya nne

Wakuu habarini, mwanangu wa miaka 6 alidondoka kwenye mwembe huku Ujiji akavunjika mkono, akapigwa eksirei kabla ya hogo (ile plasta ngumu ya kushikilia mfupa), baada ya hogo na juzi tena kuangalia kama mfupa umeunga. Dokta anasema ya mkono mionzi yake kiduchu sana, haifiki hata ile tunayoipata siku moja ya kawaida toka ardhini na angani, nikamwelewa. Shida bibi yake, eti damu ya mtoto itaharibika! Mie naona mfupa kuunga upande ndo balaa zaidi, gumba lenyewe halikunji vizuri. Kuna aliyepitia hii? Na nikibeba zile picha za mwanzo zinasaidia wasirudie bure?